Maswali Yenu: Sanamu, Meli na Majina ya Miji Yetu

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza habari za vitu ambavyo watu hupishana navyo kila siku hapa Tanzania: sanamu ya katikati ya barabara, mnara wa saa, jina la soko, meli kuukuu. Tumechagua maswali ambayo msomaji anaweza kulikagua jibu lake mwenyewe, kwa macho, kwa ramani au kwa mizani. Hadithi tamu nchini ni nyingi na tunazipenda, ila katika kurasa hizi tunazipima kwanza.

Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ni ya nani hasa? Ofisini kwetu mmoja anasema ni askari wa Mjerumani, mwingine anasema ni mtu mmoja aliyeuawa Tanga.
*Msomaji, Ilala*

Si mtu mmoja mwenye jina, wala si wa upande wa Wajerumani. Ni askari Mwafrika aliyepigana upande wa Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, amewekwa pale kuwawakilisha wenzake wote. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Nairobi nako kuna ndugu yake, ila kule wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi.

Huyo anayetaja Wajerumani ana sababu yake. Kabla ya vita mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Juu alisimama yeye, na chini yake askari Mwafrika akiinamisha bendera juu ya simba aliyekufa. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, sanamu ikang'olewa, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, Ujerumani. Huko nako haikudumu: wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968.

Ukipita pale, usiishie kutazama bunduki. Sogea usome maandishi ya kwenye msingi. Yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na hiyo ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Je, ni kweli jina Kariakoo ni la Kizaramo?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

Hapana. Limetokana na maneno ya Kiingereza "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, ambacho kilikuwa na kambi eneo hilo wakati wa vita. Midomo ya watu ililainisha maneno hayo yakawa Kariakoo. Nairobi neno hilohilo likawa Kariokor, na kule nako lilikuwa eneo la wapagazi. Miji miwili, nchi mbili, mzizi mmoja.

Kwa nini jeshi lilihitaji wapagazi wengi kiasi cha kuacha jina kwenye ramani? Sababu ni mbung'o na hesabu. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa njiani kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, na barabara za magari hazikuwepo, kwa hiyo mzigo ulipanda kichwani. Sasa chukua mtu mmoja mwenye mzigo wa kilo 25 anayekula kilo moja ya nafaka kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, yeye peke yake amekula kilo 20. Anayemfikishia askari ni kilo 5 tu. Kadiri jeshi lilivyosonga mbali na reli, ndivyo wapagazi walivyohitajika wa kuwabebea wapagazi wengine chakula. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Kwa hiyo kila kondakta anapoita "Kariakoo! Kariakoo!" anawataja watu hao bila kujua.

Jengo la soko lenyewe ni la miaka ya 1970, limechorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Angalia zile nguzo zinazotanuka juu kama miavuli: kila mwavuli unabeba kipande chake cha paa, ndiyo maana chini kuna uwazi mkubwa usio na kuta. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza vibaya.

Mnara wa Saa wa Arusha kweli uko katikati ya Cairo na Cape Town?
*Mwongoza watalii, Arusha*

Inategemea unapima kwa nini, na wewe kama mwongoza watalii ni vizuri uwe na majibu yote matatu mfukoni.

Ukipima kwa kushuka kaskazini kwenda kusini tu: Cairo iko nyuzi 30 kaskazini mwa Ikweta, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini. Jumla ni 64, nusu yake 32. Toka Cairo shuka nyuzi 32, utasimama nyuzi 2 kusini mwa Ikweta. Arusha iko karibu nyuzi 3.4. Kila uzi mmoja ni kilomita 111 hivi, kwa hiyo katikati ipo kama kilomita 150 kaskazini mwa Arusha, usawa wa Kajiado nchini Kenya.

Ukipima kwa mstari ulionyooka, hali ni tofauti zaidi. Cairo iko nyuzi 31 mashariki na Cape Town iko 18, kwa hiyo mstari unaegemea magharibi na katikati yake inaangukia Kongo, si mbali sana na mji wa Kindu. Hapo umeachana na Arusha kwa zaidi ya kilomita 1,200.

Ukipima kwa barabara, ndipo madai ya Arusha yanapopata nguvu, kwa sababu barabara kuu ya zamani ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika ilipita hapo. Lakini urefu wa barabara hubadilika kila inaponyooshwa au kuchepushwa. Mweleze mgeni kwamba mnara unaashiria nusu ya safari ya barabara, si nusu ya bara. Hapo hutakuwa umemdanganya.

Inasemekana MV Liemba ilibebwa kichwani vipande vipande kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Inawezekanaje meli ya chuma?
*Mwanafunzi wa ufundi, Kigoma*

Vipande ni kweli, kichwani si kweli. Na kwa kuwa wewe ni fundi, tutakwenda hatua kwa hatua.

Tatizo la kwanza lilikuwa njia. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji yake yanatokea mto Lukuga kuelekea mto Kongo wenye maporomoko makubwa. Hakuna meli inayoweza kupanda huko kutoka baharini. Kwa hiyo kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliiunda mwaka 1913, kikaifungua tena, kikaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Wakati huo iliitwa Graf von Goetzen, jina la gavana wa zamani wa koloni. Masanduku yalikuja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha yakapanda treni. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma Februari 1914. Meli na reli vilipangwa viende pamoja. Bila reli ile ya kilomita 1,250 hivi, masanduku yangebaki bandarini.

Kazi ya kuiunga upya Kigoma iliongozwa na mafundi watatu wa kiwanda hicho, mkubwa wao akiwa Anton Rüter, pamoja na vibarua wengi. Enzi zile bamba za meli ziliungwa kwa ribiti. Ribiti huwashwa motoni mpaka iwe nyekundu, inapenyezwa kwenye tundu la bamba mbili, mmoja anashikilia kichwa chake kwa chuma kizito na mwingine anagonga upande wa pili mpaka ufutuke. Inapopoa chuma kinanywea na kuzibana bamba. Ukichelewa, ikapoa kabla ya kugongwa sawasawa, haibani. Na ribiti moja iliyolegea chini ya maji huvuja kila siku. Tundu zisipolingana kwa milimita chache tu bamba haziingiliani, ndiyo maana kila kipande kilipaswa kurudi palepale kilipotoka. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ribiti zilikuwa ngapi.

Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita ikiwa imeshawaka. Ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyoishia Delta ya Rufiji.

Sasa sehemu tunayoipenda zaidi. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wanaondoka Kigoma. Waliamriwa waizamishe meli isitekwe. Mafundi walewale walioiunda walipaka injini grisi nene kila mahali, kisha tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu kusini mwa Kigoma, bila kuilipua. Walitaka iweze kufufuliwa. Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwenye dhoruba. Waingereza wakaiinua Machi 1924, wakafungua injini, wakaikuta bado inafaa. Karibu miaka minane chini ya maji! Grisi ilizuia maji na hewa kugusa chuma, na maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kutu ilikwenda polepole, wala hakukuwa na chaza wa baharini wa kuganda kwenye bamba. Ingezamishwa Tanga au Lindi, habari ingekuwa nyingine.

Ilirudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini. Injini za mvuke ziliondolewa baadaye, zikafungwa za dizeli.

Bibi yangu ana sarafu ya njano yenye tembo, imeandikwa 15 RUPIEN 1916. Je, ni dhahabu ya kweli?
*Msomaji, Urambo*

Huenda ikawa ya kweli, maana Urambo si mbali na ilikotengenezwa. Vita ilipofunga bahari, serikali ya Kijerumani haikuweza kupata sarafu kutoka Ulaya. Ikafungua kiwanda cha dharura kwenye karakana ya reli Lulanguru, karibu na Tabora. Mwaka 1916 zilipigwa pale sarafu za dhahabu za rupia 15, idadi yake 16,198, kwa kutumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zikapigwa pia sarafu za shaba za heller 5 na heller 20. Kazi iliisha mapema: Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huohuo.

Pima hivi. Usiisugue kwanza, wala usiitie ndimu, majivu au dawa ya kung'arishia. Mikwaruzo hupunguza thamani yake kwa wakusanyaji na haiondoki. Peleka kwa sonara mwenye mizani ya gramu inayosoma desimali mbili. Sarafu halisi ina uzito wa gramu 7.17 hivi na upana wa milimita 22. Si dhahabu tupu: robo tatu tu ni dhahabu, yaani gramu 5.4 hivi, na iliyobaki ni madini mengine, kwa hiyo rangi yake inaweza kuwa nyekundu kidogo au ya majani makavu. Upande mmoja kuna tai wa dola ya Ujerumani. Upande wa pili tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na chini herufi T ya Tabora. Ikiwa nyepesi sana, gramu 4 au 5, hiyo ni nakala ya shaba. Ikinaswa na sumaku, usihangaike zaidi.

Jambo moja: sonara apime mbele ya bibi, sarafu isipelekwe chumba cha nyuma.

Fuvu lililoko Kalenga tuna uhakika gani kwamba ni la Mkwawa?
*Mwalimu wa historia, Mafinga*

Mwalimu, tukupe mlolongo wake ili wanafunzi wapime wenyewe. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Emil von Zelewski aliuawa siku hiyo. (Kambi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imechukua jina hapo.) Wajerumani walirudi na mizinga, ngome yake ya Kalenga, karibu na Iringa, ikaanguka Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana msituni kwa karibu miaka minne, kisha tarehe 19 Julai 1898, alipokaribia kuzingirwa, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Haikufanyika. Miaka ilipita mpaka gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen. Kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki. Yakachaguliwa yale ambayo vipimo vyake, upana ukilinganishwa na urefu, vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Katika hayo, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililorudishwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954.

Kwa hiyo ushahidi ni wa aina mbili: vipimo na tundu. Vipimo vya kichwa peke yake havitoshi kumtambua mtu, kwa sababu watu wengi wasio ndugu hulingana. Tundu la risasi ndilo lenye nguvu. Uamuzi ulifanywa kwa njia za wakati ule, kabla ya vipimo vya vinasaba. Kwa Wahehe, heshima ya fuvu lile haisubiri maabara, na tunadhani wana haki.

Na jina Iringa? Linatokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome.

Nilitembelea Kilwa Kisiwani. Mbona vyumba vya wafalme matajiri vile ni vyembamba kama korido? Na kwa nini mafundi hawaruhusiwi kuziba nyufa kwa saruji?
*Fundi mwashi, Lindi*

Maswali mawili mazuri, na yote yanajibiwa na vifaa.

Upana wa chumba uliamuliwa na boriti. Dari za nyumba za mawe za Waswahili zililala juu ya boriti za mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu hutoa kipande cha mita tatu hivi. Toa sehemu zinazoingia ukutani pande zote mbili, unabaki na mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Mfalme aliweza kurefusha chumba apendavyo, kukipanua hakuweza. Ndiyo maana utakuta chumba kimefuatwa na kingine sambamba nyuma yake, na kingine tena. Juu ya boriti zilipangwa bapa za matumbawe, kisha zege la chokaa, mzigo mzito sana. Paa likianza kuvuja, ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta huoza kwanza, mahali usipoona, na siku dari linaposhuka linashuka lote.

Waliotaka nafasi kubwa waliacha boriti wakajenga kuba. Upanuzi wa Msikiti Mkuu katika karne ya 14 ulifuata njia hiyo. Nguzo za mwanzo, kila moja ya jiwe moja la tumbawe, hazikudumu. Sehemu ile ilianguka na katika karne ya 15 ikajengwa tena kwa nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa. Wakati wa upanuzi mtawala alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye pia alijenga kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa wakati wake, mwaka 1331.

Mawe yalikuwa ya aina mbili, na mwashi anapaswa kuyatofautisha. Kuta zilijengwa kwa tumbawe gumu la nchi kavu, lililochimbwa na kuvunjwa vunjwa. Miimo ya milango, kibla na nakshi zilichongwa kwenye tumbawe laini lililokatwa majini likiwa bichi. Likiwa bichi hukatika kwa shoka kama muhogo. Likikauka linakuwa gumu na nakshi inabaki.

Chokaa ilitoka kwenye matumbawe hayohayo. Magogo hupangwa mduara kama chungu kipana, matumbawe yanamwagwa juu, moto unawashwa katikati na kuachwa uteketeze mpaka chini. Kinachobaki ni chokaa hai. Huzimwa kwa maji au kwa kuachwa mvua iinyeshee, na hukaa miezi kabla ya kutumiwa. Ukiharakisha, punje ambazo hazijazimika huingia kwenye lipu, zinakutana na unyevu ukutani, zinavimba na kuruka, zikiacha vishimo. Ukiona ukuta wa kale wenye lipu laini isiyo na vishimo, fundi yule alikuwa na subira.

Sasa saruji. Ukuta wa tumbawe hunywa unyevu wenye chumvi kutoka ardhini na hewani, na chokaa huuruhusu utoke. Saruji ni ngumu na haipitishi. Ukiziba ufa kwa saruji, unyevu unakosa njia hapo na kutokea kwenye jiwe la pembeni. Maji yanakauka, chumvi inabaki ndani ya vitundu vya jiwe, inaganda na kukua, na jiwe linapukutika kuwa unga. Baada ya miaka michache kiraka cha saruji kimesimama imara, na mawe ya kale yanayokizunguka yamekuwa mashimo. Ufa uzibwe kwa chokaa iliyozimwa vizuri na mchanga usio na chumvi, yaani si wa ufukweni, kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka lifunikwe na kuloweshwa siku kadhaa lisikauke kwa jua. Ni kazi ya polepole. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, vikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na ukarabati ni kazi isiyoisha.

Je, Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa?
*Msomaji, Himo*

Hapana, na tarehe zinatosha kuikanusha. Mpaka uliokubaliwa na Uingereza na Ujerumani ni wa mwaka 1886. Wilhelm wa Pili, mjukuu wa Victoria, alikuwa mfalme kuanzia Juni 1888. Mwaka 1886 aliyekaa kwenye kiti alikuwa babu yake mzaa baba, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria hata kidogo.

Makubaliano yenyewe yanaeleza mstari: unaanza mdomo wa mto Umba pwani, unakwenda Ziwa Jipe, unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, unazunguka chini ya mlima upande wa kaskazini, kisha unanyooka mpaka Ziwa Victoria kwenye uzi wa kwanza kusini mwa Ikweta. Ule mkunjo unaoonekana kwenye ramani umetokana na mikataba. Mwaka 1885 Mjerumani Carl Jühlke alikuwa ameshaandikiana na Mangi Rindi wa Moshi, maarufu kwa jina la Mandara, na Wajerumani hawakutaka kuuacha Uchaga. Waingereza walibaki na Taveta na Mombasa. Wachaga na Wataveta hawakuulizwa, na hilo ndilo tungependa likumbukwe kuliko keki ya siku ya kuzaliwa.

Dodoma maana yake nini? *Msomaji, Kibaigwa*

Linahusishwa na neno la Kigogo *idodomya*, lenye maana ya kuzama, na masimulizi yanamtaja tembo aliyezama kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapo ni wa mwaka 1973. Sheria ya kuitangaza ilipitishwa mwaka 2018.

Olduvai au Oldupai? *Mwanafunzi, Karatu*

Oldupai. Ni jina la Kimaasai la mkonge-pori unaoota bondeni mle. Mgeni wa kwanza aliyeliandika alilisikia vibaya na kosa likaenda vitabuni.

Tuna picha ya zamani ya Beit el Ajaib haina tarehe. Tutajuaje ni ya lini? *Familia moja, Unguja*

Tazameni mnara. Jumba lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, na kwa miaka ya mwanzo mnara ulisimama peke yake mbele yake, karibu na maji. Mizinga ya Waingereza iliuvunja katika vita ile fupi isiyofika saa moja. Jumba lilipotengenezwa, mnara mpya wenye saa ulijengwa ukiwa umeshikana na uso wa jumba lenyewe, katikati ya baraza. Huo nao ulianguka pamoja na sehemu ya mbele tarehe 25 Desemba 2020.

Kwa hiyo: mnara ukiwa katikati ya uso wa jumba, picha ni ya baada ya matengenezo hayo na kabla ya Krismasi ya 2020. Ukiwa umesimama peke yake ufukweni, msiikunje wala kuibandika gundi nyuma. Iwekeni ndani ya karatasi kavu isiyo na wino, mbali na jua, kwa sababu ilipigwa kabla ya asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896.